Gata Kabla ya Masika: Jinsi ya Kuzuia Maji ya Paa Yasile Nyumba

Mvua za masika katika Kaunti ya Kilifi huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, na hufikia kilele Mei. Ukanda wa karibu na bahari hupata hadi milimita 1,300 za mvua kwa mwaka, ilhali sehemu kavu za bara zinaweza kupata kama milimita 300 pekee. Mkazi wa huko bara anaweza kudhani kwamba kwa mvua chache kiasi hicho hana haja ya gata. Lakini mvua ya bara ikija huja kwa pupa. Hunyesha saa moja kwa nguvu, na paa lililokaa kavu miezi mingi humwaga maji yake yote mahali pale pale.

Mvua za Oktoba hadi Desemba 2023, zilizoandamana na El Niño, na zile za masika ya 2024 zilibomoa nyumba katika kaunti nyingi nchini. Mto ukivunja kingo zake, mwenye nyumba peke yake hana la kufanya ila kuhama mapema. Maji yanayotoka kwenye paa lake mwenyewe ni jambo jingine. Hayo anaweza kuyapima, kuyakamata na kuyaelekeza, na kazi yenyewe inafaa ifanywe sasa, kabla mawingu hayajatanda.

Gata, au mlizamu kama wasemavyo baadhi ya wazee wa pwani, ni kifaa rahisi. Hata hivyo, magata mengi yanayoonekana kwenye nyumba za kaunti hii yanamwaga maji pasipofaa, na mengine yanaharibu ukuta yaliowekwa kuulinda.

Maji yanavyoila nyumba

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Ichukuliwe nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la migongo miwili, urefu mita 8 na upana mita 6 ukipimwa kutoka ukingo hadi ukingo. Hilo ni paa la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo si ya ajabu kwa siku moja ya masika, italeta lita 960. Nusu yake, lita 480, humwagika upande wa mbele na nusu upande wa nyuma. Zikigawanywa kwa urefu wa mita 8, kila mita ya ukuta hupokea lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Hakuna mwenye nyumba angekubali mtu aje amwage mitungi mitatu kwenye kila mita ya msingi wake kila mvua inyeshapo, lakini paa lisilo na gata hufanya hivyo hivyo.

Maji hayo yakianguka huchimba mfereji mwembamba kandokando ya nyumba, na tope huruka hadi kimo cha goti ukutani. Kwenye nyumba ya kukandika, udongo wa chini hulegea na kudondoka, fito zikabaki wazi, na nguzo huanza kuoza pale zinapoingia ardhini. Mchwa nao hupenda mti ulioloa. Ndiyo maana nyumba ya udongo mara nyingi huanguka siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, wakati watu wamekwisha kudhani kwamba hatari imepita: ukuta umekunywa maji, umekuwa mzito, na miguu yake haina nguvu tena. Ukuta uliovimba chini, ulioinama au uliopasuka karibu na nguzo ya kona ni dalili ya kuwahamisha waliolala upande huo usiku uo huo, hasa watoto na wazee.

Nyumba ya mawe ya matumbawe au ya matofali ya saruji haianguki upesi hivyo, lakini nayo huumia. Mawe hayo hunyonya maji kutoka chini. Rangi hutoa malengelenge, plasta hubanduka, na unga mweupe wa chumvi hujitokeza ukutani. Watu wengi hupaka rangi upya kila mwaka juu ya ukuta wa namna hiyo. Hizo ni pesa zilizotupwa, kwa sababu ugonjwa uko nje, chini, pale maji yanapoangukia. Kukiwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukiloa na kusinyaa ukikauka, msingi hupanda na kushuka, na nyufa za mshazari huanza kwenye pembe za madirisha na milango.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Gata hukusanya. Zile lita 480 zilizokuwa zimetawanyika kwenye mita 8 za ukuta sasa zinapita mahali pamoja. Kiungo kikivuja, au bomba la kushushia likikatika katikati, karibu maji yote ya upande mzima wa paa humwagika kwenye hatua moja ya ukuta. Kwa hiyo gata bovu ni baya kuliko kukosa gata kabisa, na mwenye nyumba asiye na uwezo wa kuyafikisha maji mahali salama afadhali asubiri hadi apate, huku akichimba mtaro chini.

Kupima na kuchagua

Kabla ya kwenda dukani apime vitu viwili: urefu wa ukingo wa paa, na eneo la paa linalomwaga maji upande huo. Kanuni ya chini kabisa inayotumika ni kwamba kila mita 1 ya mraba ya paa inahitaji sentimita 1 ya mraba ya nafasi ndani ya gata. Gata la nusu duara lenye upana wa inchi 4 lina nafasi ya takriban sentimita 39 za mraba, hivyo linatosha upande wa mita 24 wa nyumba iliyotajwa hapo juu na kubakiza akiba. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu mvua za pwani hushuka kwa kasi. Bomba la kushushia liwe la inchi 3. Bomba la inchi 2 huonekana nadhifu na bei yake ni nafuu, ila majani machache tu hulitosha kuziba.

Darasa la shule ni suala tofauti. Paa la mita 20 kwa 8 lina mita 80 za mraba kila upande. Gata la inchi 6 lina nafasi ya kama sentimita 88 za mraba, yaani linatosha kwa shida. Kamati ya shule ifunge gata ambalo katikati yake ndipo juu, likiteremka pande zote mbili, kila ncha ikiwa na bomba lake. Hapo kila nusu hubeba maji ya mita 40 tu.

Kuhusu vifaa, mafundi hubishana bila mwisho. Gata la bati linalokunjwa na mafundi wa jua kali ni imara na hurekebishwa kwa urahisi, lakini anayelinunua aulize geji. Namba ikipanda, bati linapungua unene: geji 26 ni nene kuliko geji 30. Karibu na bahari upepo wa chumvi hula bati upesi, na huko plastiki hufaa zaidi. Plastiki haishiki kutu, ila jua huifanya kuwa kavu na yenye kuvunjika, basi anunue ile nene iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Alumini hustahimili yote mawili kwa bei ya juu. Asiye na uwezo wa hayo anaweza kupasua bomba la plastiki la inchi 4 kwa urefu, likatoa magata mawili, au akakunja bati tambarare kwa umbo la V na kulitundika kwa waya. Magata ya V hudharauliwa bure. Yakiwa na mteremko na yakisafishwa, hufanya kazi ile ile.

Paa la asibesto, linalopatikana bado kwenye baadhi ya majengo ya zamani, lisitobolewe wala kukatwa kwa ajili ya kufunga gata. Vumbi lake huharibu mapafu. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA.

Kufunga

Gata hufungwa kwenye ule ubao wa mwisho wa paa ambao mafundi huuita fesha. Kwanza uchomwe kwa bisibisi mahali kadhaa. Bisibisi ikizama, ubao umeoza na hautashika skurubu, ubadilishwe. Nyumba isiyo na fesha hufungiwa vishikio, yaani braketi, kwenye ncha za makombamoyo.

Kinachoharibu kazi nyingi ni mteremko. Fundi mwenye haraka hufuata ukingo wa mabati kwa macho, lakini paa lenyewe mara nyingi halikunyooka. Mteremko unaofaa ni sentimita 1 kwa kila mita 1 au 2. Kwa gata la mita 8, ncha ya kushukia maji iwe chini ya ncha nyingine kwa sentimita 4 hadi 8. Ukipungua hapo, maji hutuama. Ukizidi sana, ncha ya chini hushuka mbali na mabati, na maji yakapita juu yake kwa upepo.

Kupata kimo sawa hakuhitaji kifaa cha bei. Pimamaji fupi hudanganya kwenye urefu wa mita 8, lakini mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukijazwa maji bila mapovu, hausemi uongo: watu wawili wakishika ncha zake, kila mmoja upande wake wa nyumba, maji hutulia kwenye kimo kimoja pande zote mbili. Kimo hicho hutiwa alama kwenye fesha. Kisha fundi hushuka sentimita zinazotakiwa upande wa bomba, hufunga kishikio cha kwanza na cha mwisho, na huvuta uzi kati yake. Vishikio vyote vingine hufuata uzi huo, si ukingo wa mabati. Viachane kwa sentimita 60, na kiwepo kimoja karibu na kila kiungo na kila ncha. Fundi atakayeviweka kila baada ya mita moja na nusu anaokoa vishikio kama vinane, na gata litalegea tumbo mwaka uo huo.

Mabati yapite fesha kwa kama sentimita 5, ili maji yaangukie ndani ya gata. Yakipungua, maji hurudi nyuma na kuingia kwenye fesha na makombamoyo. Yakizidi, hurukia nje. Ukingo wa mbele wa gata uwe chini kidogo ya ule wa nyuma. Hili watu wengi hawalijui, na lina faida kubwa: siku gata likizidiwa au likiziba, maji yatafurikia nje, mbali na ukuta.

Vipande vya bati vipishane kwa sentimita 10, kipande cha juu kikilala ndani ya kile cha chini, ili maji yapite juu ya kiungo bila kukiingia. Vishikwe kwa riveti na kuzibwa kwa silikoni. Msumari haufai, kwa sababu tundu lake hupanuka na kushika kutu. Plastiki hurefuka juani: kipande cha mita 4 huweza kurefuka karibu milimita 5 kati ya baridi ya alfajiri na jua kali la mchana. Kiungo chake kiachiwe nafasi hiyo, la sivyo gata hujipinda au hujing'oa. Nyumba yenye kona, ambapo mapaa mawili hukutana na kufanya bonde, humwaga maji mengi kwa kasi mahali hapo. Kipande kidogo cha bati kilichosimamishwa kwenye ukingo wa gata mbele ya bonde huyazuia yasiruke.

Kazi hii hufanywa juu ya ngazi, na ngazi imewaumiza watu wengi. Ngazi ya kimo cha mita 4 hadi pale inapoegemea iwe na mguu wake mita 1 kutoka ukutani, juu ya ardhi ngumu, na mtu wa pili aishike. Waya wa umeme unaoingia nyumbani mara nyingi hupita karibu kabisa na ukingo wa paa. Fundi auangalie kabla ya kuinua kipande chochote cha bati, na waya uliochunika hauguswi hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kwa sababu swichi hiyo haizimi waya unaotoka kwenye mlingoti. Mafundi hawapandi bila pia kuangalia nyigu.

Mwenye nyumba asilipe malipo ya mwisho kabla ya kumwaga ndoo mbili za maji kwenye ncha ya juu. Maji yatiririke yote hadi bombani, pasibaki dimbwi, pasidondoke tone kwenye kiungo. Fundi anayejua kazi yake hatachukia. Wengi wao huleta ndoo wenyewe.

Maji yaishie wapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Gata zuri, mteremko mzuri, halafu bomba linaishia kwenye pembe ya nyumba, sentimita kumi kutoka kwenye msingi. Maji yapelekwe angalau mita 1.5 kutoka ukutani, yaangukie juu ya mawe au zege ili yasichimbe, kisha yafuate mtaro hadi shambani au penye ardhi inayonyonya. Ardhi yenyewe kandokando ya nyumba iinuliwe kidogo ili iteremke kuelekea nje, kama sentimita 5 kwa mita ya kwanza.

Maji hayo hayo, kwa sehemu kavu za kaunti, ni mali. Mvua moja ya milimita 20 juu ya lile paa la mita 48 inaweza kujaza zaidi ya lita 750 hata baada ya kutoa yanayopotea. Lakini tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Lisiwekwe juu ya udongo laini uliofukiwa karibu na msingi, wala juu ya mawe matatu kama chungu; lijengewe jukwaa imara. Tangi lina pia siku yake ya kujaa, na nyumba nyingi hulisahau bomba la ziada. Maji yakijaa hufurika na kumwagika kwenye msingi kana kwamba gata halikuwahi kuwekwa. Bomba la ziada nalo lifikishwe ile mita 1.5.

Mvua ya kwanza huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa ndicho kiasi cha chini cha kumwaga kabla ya kuruhusu maji yaingie tangini; kwa nyumba hii ni lita 24, kupita kidogo mtungi mmoja. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata hivyo.

Maji yasielekezwe kwenye kiwanja cha jirani. Viwanja vinavyopakana mijini vimezaa ugomvi mwingi kwa sababu ya bomba moja lililogeuzwa upande usiofaa, na kesi ikifika kwa chifu au mzee wa mtaa huwa imekwisha kuharibu ujirani. Walio na nafasi ndogo wanaweza kuchimba mtaro mmoja wa pamoja kwenye mpaka na kugawana gharama.

Kukarabati

Gata lililokwisha kuwepo likaguliwe mara mbili kwa mwaka: Februari au mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Penye mwembe, mkorosho au mkilifi karibu na nyumba, mara mbili hazitoshi. Majani huondolewa kwa mkono wenye glavu au kipande cha mbao, hayasukumwi bombani. Bomba lililoziba hufunguliwa kutoka chini kwa fito ndefu, kisha humiminiwa maji.

Tundu dogo la kutu kwenye bati husuguliwa kwa brashi ya waya hadi bati safi lionekane, hukaushwa kabisa, kisha kiraka cha bati hulazwa juu ya silikoni na kukazwa kwa riveti. Silikoni ikipakwa juu ya kutu au unyevu hubanduka yote ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kazi hii ifanywe mchana wa jua, si asubuhi penye umande. Kutu ikiwa imetapakaa kiasi kwamba kidole kinasukuma bati, kiraka ni kujidanganya. Kipande hicho kikatwe na kubadilishwa. Lami huziba vizuri kwa muda lakini isitumiwe kwenye gata linalojaza tangi la maji ya kunywa. Mvua ikimkuta mtu hajajiandaa, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa kwa nguvu kuzunguka bomba linalovuja itasaidia kwa siku kadhaa.

Gata lililolegea tumbo mara nyingi halina kosa; vishikio ndivyo vimelegea au ni vichache. Viongezwe na uzi uvutwe upya. Na pale ambapo skurubu hazishiki kwa sababu fesha imeoza, hakuna njia ya mkato.

Dimbwi ndani ya gata lina hasara nyingine isiyohusu ukuta. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, ugonjwa ambao umezuka pwani zaidi ya mara moja ikiwemo Mombasa mwaka 2013, hupenda maji safi yaliyotuama karibu na watu. Yai huweza kuwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 10, na mayai hubaki hai kwenye gata kavu kwa miezi hadi mvua irudi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huyahesabu maji yaliyotuama yanayozalisha mbu kuwa kero, na afisa wa afya ya umma anaweza kumtaka mwenye nyumba ayaondoe. Tangi lifunikwe na matundu yake yatiwe wavu wa mbu.

Nyumba za makuti

Paa la makuti halishiki gata vizuri, kwani ukingo wake hauna mstari mmoja na majani yake huanguka kila siku. Hapa kinga iko chini. Ukingo wa paa uongezwe ufike mbali na ukuta, nusu mita au zaidi. Chini ya mstari ambapo matone huangukia, uchimbwe mtaro wa kina cha kama sentimita 20, ujazwe kokoto au vipande vya mawe ya matumbawe, na uteremke kuelekea nje ya kiwanja. Kibaraza cha udongo kinachozunguka nyumba, ambacho wengi hukiona kama mahali pa kukaa tu, ndicho hupokea kipigo badala ya ukuta. Kikandikwe upya kila mwaka kabla ya mvua. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa watu wa nyumba moja, na vifaa vyake viko uani.

Siku ya mvua ya kwanza

Kazi yote ikikamilika, mwenye nyumba atoke nje na mwavuli mvua ya kwanza ikinyesha, kabla radi hazijaanza. Dakika kumi zitamwonyesha asichoweza kuonyeshwa na ndoo. Maji yakiruka juu ya ukingo wa mbele penye mstari wote, gata ni dogo au liko chini mno. Yakiruka mahali pamoja, pana majani au tumbo hapo. Matone yanayotoka nyuma, kati ya gata na fesha, yana maana kwamba mabati ni mafupi. Kipande chembamba cha bati kikisukumwa chini ya mabati na kuingizwa ndani ya gata hulimaliza tatizo hilo. Bomba likitoa maji kidogo huku gata limejaa, kizuizi kiko kwenye tundu la kushukia au kwenye kona ya kwanza ya bomba. Kisha aangalie chini, afuate maji kutoka mdomo wa bomba hadi yanapopotelea. Yakirudi kuelekea nyumbani, hata kwa kijito chembamba kama kidole, jembe lichukuliwe siku hiyo hiyo, wakati alama ya maji ingali inaonekana ardhini.